Kupiga Picha Ndani ya Kanisa Lenye Mwanga Hafifu Bila Tripodi: Dalili, Sababu na Tiba

Wapigapicha wanaofanya kazi katika makanisa ya Tabora, iwe ni harusi katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, kipaimara huko Ndala au ibada ya Wamoravian Sikonge na Urambo, hurudi na malalamiko yanayofanana: picha zimetikisika, zina chenga (vidoti vilivyotapakaa), madirisha yameungua (yamekuwa meupe tupu), nyuso za wanakwaya zimegeuka kijani. Wengi huilaumu kamera na kuanza kutafuta mpya. Mara nyingi kamera haina kosa lolote, ila mpigapicha ametibu ugonjwa mwingine. Amepandisha ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyoitikia mwanga) ilhali tatizo lilikuwa fokasi (mahali lenzi inapoleta ukali), au amewasha flashi ilhali tatizo lilikuwa dirisha lililokuwa nyuma ya padri.

Tripodi hapa haitumiki kwa sababu zinazojulikana. Njia ya katikati ni ya maandamano, mabenchi yamesongamana, na maparoko wengi hawapendi kuona miguu mitatu ya chuma ikiwakwaza waamini wanaokwenda kupokea komunyo. Kwa hiyo mpigapicha hushika kamera mkononi, na kila tiba anayoichagua humletea athari nyingine. Akiongeza kasi ya shata (kilango kinachoruhusu mwanga kuingia) picha huwa nyeusi, akiongeza ISO chenga huja, akifungua lenzi zaidi eneo lenye ukali hupungua. Ndiyo maana ni lazima ajue kosa lipi linarekebishika baadaye na lipi halirekebishiki. Mtikisiko, fokasi iliyokosa na weupe ulioungua kabisa havina dawa ya kuaminika katika kompyuta. Chenga, rangi na nguzo zilizoinama zina dawa, angalau kwa kiasi. Dalili zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata tofauti hiyo.

Kabla ya kugusa kitufe chochote

Zungumza na paroko au mchungaji kabla ya ibada, si wakati wa wimbo wa kuingia. Uliza mahali unaporuhusiwa kusimama, kama flashi inakubalika, na nyakati ambazo hutakiwi kupiga kabisa; katika Misa, mageuzo (kugeuzwa kwa mkate na divai) huwa ya kwanza kutajwa. Ukikatazwa, jambo hilo limekwisha, wala usimtume mzee wa kanisa akuombee mara ya pili.

Kisha piga picha ya majaribio, ikuze kwenye kioo cha kamera hadi mwisho, na usome namba tatu: kasi ya shata (sehemu ya sekunde, kama 1/50), uwazi wa lenzi (huandikwa kwa f/, na namba ndogo ni uwazi mkubwa) na ISO. Picha ndogo kwenye kioo hudanganya, kwani karibu kila kitu huonekana kikali. Katika kanisa lenye taa za tyubu juu na mwanga kidogo unaopenya kwenye matofali ya matundu, mahali pazuri pa kuanzia ni f/2.8, 1/50 na ISO 3200, halafu unarekebisha kufuatana na unachokiona.

Dalili: picha haina ukali

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndani yake mna matatizo matatu tofauti ambayo watu huyaita kwa jina moja. Tazama picha iliyokuzwa. Ikiwa kila kitu kimevutwa kuelekea upande mmoja, na miali ya mishumaa imekuwa vistari badala ya vidoti, mkono umetikisika. Ikiwa altare na mabenchi ni makali lakini mikono ya wanakwaya imeyeyuka, watu wamesogea. Ikiwa bwana harusi hana ukali lakini benchi la nyuma yake lina ukali mzuri, fokasi imekosea, na utapata maelezo yake katika sehemu inayofuata.

Sababu ya kwanza ya mtikisiko ni kasi ya shata iliyo ndogo kuliko urefu wa lenzi unavyodai. Kanuni ya zamani ni kwamba kasi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi: kwa lenzi ya milimita 50, angalau 1/50, kwa milimita 200, angalau 1/200. Kamera nyingi zinazouzwa kwa bei ya kati zina sensa (kipande kinachopokea taswira) ndogo, na kwa hizo urefu wa lenzi uzidishwe kwa takriban 1.5 kwanza, hivyo ile ya milimita 50 itadai takriban 1/80. Lenzi ya 18–55 inayokuja na kamera huwa na f/3.5 ikiwa pana, lakini ukiivuta hadi 55 hufunga hadi f/5.6, yaani mwanga unapungua wakati uleule ambao mtikisiko unaongezeka. Tiba nyepesi isiyo na gharama ni kuirudisha kwenye milimita 18 hadi 24 na kusogea karibu kwa miguu yako. Tiba ya pili ina gharama, na kwa maoni yangu ndiyo fedha bora zaidi ambayo mpigapicha wa makanisa anaweza kuitumia: lenzi isiyovutika ya milimita 50 yenye f/1.8. Ikilinganishwa na f/5.6, huingiza mwanga karibu mara kumi.

Sababu ya pili ni jinsi mwili unavyoishika kamera. Makanisa ya zamani ya wamisionari yana nguzo nene, na nguzo ni tripodi ambayo hakuna paroko atakayeikataza. Egemeza bega na upande wa kamera kwenye nguzo, bana viwiko kifuani, toa pumzi nusu, kisha bonyeza taratibu. Ukiwa umekaa, weka viwiko juu ya mgongo wa benchi la mbele. Kifuko cha nguo chenye kilo moja ya mchele au maharage, kikiwekwa juu ya benchi au ukingo wa roshani ya kwaya, huibeba kamera vizuri kiasi kwamba unaweza kushuka hadi 1/10 kwa picha za jengo tupu; tumia pia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiiguse kamera shata inapofunguka. Pale pasipo na kitu cha kuegemea, piga tatu mfululizo kwa mbonyezo mmoja. Ya kwanza mara nyingi huharibiwa na kidole kinapobonyeza, na ya pili au ya tatu ndiyo huwa kali.

Kwa nadra, kosa liko katika kifaa. Hakikisha swichi ya kutuliza mtikisiko kwenye lenzi haijazimwa kwa bahati mbaya ndani ya begi. Baadhi ya lenzi hutoa mlio mdogo wa kugongana zikitikiswa kamera ikiwa imezimwa, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini ukisikia mkwaruzo kamera ikiwa imewashwa, au ukiona taswira inaruka yenyewe katika kitazamio, zima na umpelekee fundi. Kuendelea kuitumia huongeza uharibifu wa sehemu ambayo haitengenezeki nyumbani.

Watu wakisogea, kitulizi cha mtikisiko hakikusaidii hata kidogo, kwa sababu kinatuliza mkono wako na si mguu wa mtoto wa Utoto Mtakatifu (chama cha watoto wa Kikatoliki) anayecheza mbele ya altare. Msomaji wa somo aliyesimama anahitaji takriban 1/100. Maandamano ya vipaji na kwaya inayocheza vinahitaji 1/250, na hapo ISO itapanda iwe 6400 au zaidi, ikubali. Picha kali yenye chenga huuzika, ilhali picha laini isiyo na chenga lakini iliyotikisika hurudishwa na mteja. Jifunze pia kusubiri vituo vidogo: mwisho wa beti, mhubiri anaponyamaza ili neno liingie, maharusi wanapopiga magoti. Katika vituo hivyo 1/50 inatosha.

Dalili: fokasi inahangaika au inashika mahali pasipotakiwa

Lenzi ikienda mbele na nyuma bila kushika, sababu ya kawaida ni kwamba umeielekeza kwenye kitu kisicho na tofauti ya giza na mwanga: ukuta uliopakwa rangi moja, kanzu nyeupe, pazia la altare. Fokasi ya kamera hutafuta kingo. Ipe ukingo ulio umbali sawa na mtu unayempiga: kola ya padri, ukingo wa kitabu cha masomo, kinara cha mshumaa. Chagua mwenyewe nukta moja ya fokasi, na katika kamera za zamani chagua ile ya katikati, ambayo ndiyo yenye uwezo zaidi gizani.

Sababu inayofuata ni kushika fokasi kisha kuzungusha kamera ili kupanga picha upya. Kwa f/5.6 haionekani. Kwa f/1.8 ukiwa mita mbili kutoka kwa bibi harusi, mzunguko mdogo huhamisha ukali kutoka kwenye jicho hadi sikioni. Sogeza nukta ya fokasi badala ya kuzungusha, au funga lenzi hadi f/2.8.

Kamera nyingi huwasha taa ndogo nyekundu au ya kijani ili kujisaidia kutafuta fokasi. Izime katika menyu. Mchungaji aliyemulikwa usoni katikati ya sala hatasahau.

Yote yakishindikana, tumia fokasi ya mkono: kuza taswira kwenye kioo, zungusha pete hadi maandishi ya altare yasomeke, halafu acha hapo na upige kila kitu kilicho umbali huo. Ikiwa kamera yenye kioo cha ndani (DSLR) inakosea kila mara kwa kiasi kilekile, mbele au nyuma, hata nje juani na hata kamera ikiwa imeegemezwa, basi lenzi na kamera havipatani na vinahitaji kupimwa pamoja. Baadhi ya kamera zina marekebisho hayo katika menyu. Kama yako haina, ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupimia, na si kazi ya bisibisi.

Dalili: madirisha yameungua na watu ni weusi, au watu wanaonekana na madirisha yametoweka

Tofauti ya mwanga kati ya dirisha la mchana na kiti cha nyuma katika kanisa lenye matundu machache ni kubwa kuliko sensa inavyoweza kubeba katika picha moja. Hilo si hitilafu. Hatua ya kwanza ni kuhama: simama upande wa dirisha ili mwanga umwangukie mtu usoni badala ya kutokea mgongoni mwake. Hatua ya pili ni kuamua ni nini kisichopaswa kupotea. Ukimpiga mtu, pima mwanga kwa uso wake na uliache dirisha liungue. Ukipiga jengo lenye vioo vya rangi, punguza mwanga kwa kidhibiti cha fidia (kinachoiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga) hadi onyo la weupe ulioungua lisimemete tena juu ya vioo, kisha uinue giza baadaye katika faili ghafi (RAW). Faili ya JPEG haina akiba ya kutosha kwa kazi hiyo.

Kwa jengo tupu unaweza kupiga picha tatu zenye mwanga tofauti na kuziunganisha katika programu. Bila tripodi, zipige mfululizo kwa mbonyezo mmoja ukiwa umeegemea nguzo. Watu wakiwemo, usijaribu. Watatokea na vichwa viwili.

Hata hivyo tiba bora kuliko zote ni saa. Tabora ipo magharibi mwa nchi, karibu na longitudo 33, ilhali saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo 45. Matokeo yake ni kwamba jua hapa hufika kilele karibu saa saba mchana, na huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja asubuhi kufuatana na mwezi. Kigoma huchelewa kwa takriban robo saa zaidi. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo, huanza kabla ya jua mwaka mzima. Kuna dakika chache katika Misa hiyo, kabla tu ya kuchomoza, ambapo bluu ya nje inalingana na taa za ndani, na picha moja hubeba vyote viwili bila hila yoyote. Jioni hali hiyo hurudi baada ya jua kuzama, ambako hapa hutokea kati ya saa kumi na mbili na dakika arobaini na saa moja na robo. Mpigapicha aliyezoea Dar es Salaam akija na saa zake za kule atafika na kukuta nje bado kunawaka.

Dalili: mistari myeusi imekata picha, au picha moja ina mwanga na inayofuata ni nyeusi

Umeme wa TANESCO hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa za tyubu za zamani pamoja na nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, sensa inaona. Anayetumia shata ya kimya ya kielektroniki hupata mistari. Anayetumia shata ya kawaida kwa 1/250 hupata picha zinazopishana mwanga na rangi.

Kwanza zima shata ya kimya. Kisha tumia 1/50 au 1/100, kasi zinazokusanya mipepeso kamili. Ndiyo sababu nimetaja 1/100 kwa msomaji na si 1/125. Kamera za miaka ya karibuni zina kipengele cha kusubiri kilele cha mpepeso, na kwa kwaya inayocheza hicho kinafaa sana. Kanisa likiwa kwenye jenereta, mzunguko wa umeme hauwi thabiti, hivyo 1/100 inaweza isitoshe. Shuka hadi 1/50 na utegemee vituo.

Ikiwa taa zinapepesa hata kwa macho, zinanguruma, au kuna harufu ya plastiki inayoungua, hilo halihusu kamera tena. Usipande ngazi kukaza balbu ili upate mwanga mzuri. Mwarifu mhudumu wa kanisa amwite fundi umeme.

Dalili: chenga nyingi

Kinyume na wengi wanavyodhani, sababu ya kwanza ya chenga mbaya ni picha iliyopigwa nyeusi kisha ikaangazwa kwenye kompyuta, zaidi kuliko ISO kubwa yenyewe. Hasa kwa kamera za zamani, ISO 6400 iliyopata mwanga sahihi ni safi kuliko ISO 1600 iliyoinuliwa baadaye. Na picha huwa nyeusi kwa sababu kipimo cha kamera kimedanganywa na gauni jeupe, kuta nyeupe au dirisha. Ongeza fidia ya mwanga kwa theluthi mbili hadi hatua moja kamili, ukiangalia nyuso na si gauni.

Baada ya hapo tumia programu ya kuondoa chenga kwa kiasi. Ukizidisha, ngozi huwa kama plastiki. Kumbuka pia kuwa mteja anayetaka picha za sentimita 10 kwa 15 hataziona chenga unazoziona wewe kwenye kioo cha kompyuta.

Flashi ndiyo jibu la haraka la wengi, na mara nyingi ni jibu baya. Mwanga wake hupungua kwa mraba wa umbali: mtu aliye mita 8 hupata robo ya kile anachopata aliye mita 4. Safu ya mbele ya kwaya huwa nyeupe na ya nyuma hubaki gizani, na paa la mabati au mbao lililo juu sana halirudishi mwanga ukiielekeza juu. Flashi ikiharibika, usiifungue kabisa. Ndani yake mna kapasita inayoweza kushikilia karibu volti 300 hata baada ya betri kutolewa.

Dalili: nyuso za njano, kijani au zambarau

Tyubu huleta kijani, balbu za zamani huleta njano, dirisha huleta bluu, na kuta zilizopakwa rangi huongeza ya kwao. Piga karatasi nyeupe chini ya taa zinazomwangaza mhusika, uiweke kamera ichukue weupe wake hapo, na upige faili ghafi. Usichukue weupe kwenye kitambaa cha altare, kwa kuwa vingi si vyeupe kweli.

Tofauti ni taa za LED za zambarau na bluu zinazowekwa na wapambaji wa harusi nyuma ya viti vya maharusi. Hizo hujaza rangi moja hadi ikapitiliza, na uso ulioungua kwa bluu haurudi. Waombe wapambaji, kwa heshima na mapema, wazizime wakati wa kiapo.

Dalili: picha ina ukungu, au vidoti vya kijani vimeelea hewani

Vidoti vya kijani vilivyo mkabala na mishumaa hutokana na kioo cha kinga kilichofungwa mbele ya lenzi, kivue. Ukungu wa picha nzima kwanza ni alama ya kidole, pili ni vumbi, ambalo Tabora ya kiangazi hailihurumii begi lolote. Puliza kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini cha lenzi. Ukianza kufuta kabla ya kupuliza, mchanga hukwaruza. Ukimulika ndani ya lenzi kwa tochi ukaona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ambayo hupenda unyevu na ambayo wenzetu wa Kigoma, kando ya ziwa, huiona zaidi. Itenge lenzi hiyo na nyingine na umpe fundi. Sensa nayo isiguswe kwa pamba wala kupuliziwa kwa mdomo.

Dalili: nguzo zimeinama

Umeinua kamera juu. Ishike sawa na upeo, rudi nyuma, kisha ukate sakafu iliyozidi. Programu hunyoosha kilichobaki, mradi umeacha nafasi pembeni.

Kwa wanaotumia simu

Futa lenzi kwanza, maana mfukoni imeshika mafuta. Tumia kamera kuu tu, kwani ile pana na ile ya kuvuta mara nyingi zina sensa ndogo zaidi. Hali ya usiku huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa sekunde moja au zaidi, kwa hiyo inafaa kwa altare tupu na haiwafai watu wanaotembea. Bonyeza usoni kwa muda hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha uteremshe mwanga kidogo.

Kadi ikigoma katikati ya ibada

Ujumbe wa hitilafu ya kadi ukitokea, zima kamera, itoe na uendelee na kadi nyingine. Usikubali kamera ikikuomba kuifomati, na usipige hata picha moja zaidi juu yake, kwa sababu kila picha mpya inaweza kufuta ya kiapo. Ipeleke ilivyo kwa mtaalamu wa kurejesha data, na umweleze mteja siku hiyohiyo.